Kisigino Kwenye Kofia

Kisigino changu kimewahi kuvaliwa kichwani na wanaume wawili kwa mpigo, tena siku ya Idd, mbele ya msikiti mzima. Nalisema hili mapema, msomaji asije akadhani kwamba mtu wa kukaa ndani kama mimi hana la kusimulia. Nairobi sijafika. Feri huivuka nimefumba macho, na nikishafika ng'ambo huanza kuuliza ya kurudi ni saa ngapi. Nyumba hii ya Likoni ninayoandikia ndiyo niliyoingia na sanduku langu la shule nikiwa msichana, na ndimo alimofia Shangazi Mwanaisha mwezi uliopita, katika chumba kile kile alichokuwa akishonea. Siku ya tatu ya matanga, wifi yake, Bi Rukia, aliletwa kutoka Kisauni akishikwa mikono huku na huku, akaketi karibu nami, akaniambia neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka natua kikombe chini. Nitalifikia. Lakini siwezi kulifikia bila kurudi kwenye mwaka ule wa mwisho kabla bendera haijabadilishwa, mwaka ambao nilishtuka mara nyingi hata nikadhani nimemaliza fungu langu la mishtuko duniani. Kumbe lilikuwa limebaki moja.

Shule nilikuwa nimeiachia kidato cha pili. Sababu zake ni ndefu. Kwa ufupi, hesabu ilinishinda, nami sikuwa na haja ya kulipiza kisasi. Nikaletwa kwa shangazi nimsaidie kazi za ndani, na kukaa ndani ni kazi ambayo sikuhitaji kufundishwa. Mume wake, Ami Shee, alikuwa karani bandarini, mtu wa kuhesabu magunia, na kila jioni yeye na wenzake walikaa barazani wakigawa nchi: mwambao uende na bara, usiende, Sultani atasema nini, Mzungu akiondoka atatuachia nini. Sauti zao zilituingia dirishani pamoja na moshi wa sigara. Ndani, nyuma ya pazia, shangazi alikuwa akigawa duara. Alitandika bafta nyeupe juu ya mkeka, akaifunika sahani, akaizungusha penseli, kisha akakaa akilitazama lile duara tupu kwa umakini ambao sikuuona hata kwa wale wa barazani. "Wao wana haraka," aliniambia. "Mimi duara langu nikilikata vibaya, lazima mtu alivae."

Alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, kazi inayokula miezi na macho. Michoro ya kawaida ilikuwapo, kila mtu akiichukua kwa mwenzake, na hiyo haikuwa na neno. Shangazi hakuitaka. Alisema ni sawa na kula chakula kilichotafunwa. Yeye alichukua michoro yake palipokuwa na kitu cha kutazamwa, na palipokuwa na kitu, alisahau kila kitu kingine. Nakumbuka wiki yangu ya kwanza, tumeandaa samaki wa kupaka, changu mnene, tui limeshika vizuri. Ami Shee akafungua ubavu mmoja, akala, akanyoosha mkono kuung'oa uti. Shangazi akamdaka mkono ule hewani. "Ngoja! Usimvunje. Tazama miiba ilivyojipanga." Mimi nikalirudisha tonge sahanini. Kwetu sikuwahi kuona mwanamke akimshika mume mkono kwenye sahani. "Mwanaisha," akasema Ami Shee taratibu, "mimi nina njaa." "Njaa hata kesho utakuwa nayo. Mwiba huu kesho haupo." Akakaa mkono juu kama mtu anayeapishwa, mpaka mkewe alipomaliza kuchora kwa kucha juu ya ukingo wa mkeka. "Haya, kula." Akala, huku akimtazama yule samaki kwa wasiwasi, kama aliyesikia kuwa ni jamaa.

Siku nyingine alitutia aibu barabarani. Tulikuwa watatu, yeye, mimi na Bi Rukia, tunakwenda hospitali ya Port Reitz kumtazama mgonjwa wetu. Bi Rukia alikuwa mdogo wake Ami Shee, mjane, msafi, mkali wa adabu kuliko sisi sote. Mkono wake wa kutia kofia wanga ulisifiwa Likoni yote, lakini tangu afiliwe na mumewe hakuonekana na sindano. Tulipofika Changamwe mvua ilikuwa imenyesha, na malori ya mafuta yalikuwa yameacha alama za magurudumu kwenye tope. Shangazi akainama katikati ya njia. Nyuma yake lori likafunga breki. Mimi nikajiambia, ndiyo mwisho wetu, na nilijua sikupaswa kutoka nyumbani. Dereva akachungulia. "Mama, umeangusha nini?" "Sikuangusha," akajibu shangazi bila kuinua kichwa. "Nimeokota." Yule dereva, kijana mrefu aliyeitwa Bakari, badala ya kupiga honi akazima injini, akashuka, akasimama naye kuyatazama matope. "Wallahi yanapendeza," akasema. "Nayakanyaga kila siku, sikuwahi kuyaona." Bi Rukia akajivutia buibui mpaka puani. "Twendeni zetu," akanong'ona. "Aibu gani hii." Baadaye mwaka ule, na miaka mingi iliyofuata, nilijirudisha mara nyingi kwenye lile tope, nikitafuta nani alimtazama nani. Nilitafuta vizuri. Ila nilimtafuta mtu mmoja tu.

Mchoro wenyewe ulioleta balaa ulitoka kwa kaa. Siku za bamvua, maji yakitoka mbali, ule mchanga wa nyuma ya nyumba hujaa vikaa vidogo kama punje za mahindi. Kila kimoja hukaa mlangoni mwa tundu lake, hula mchanga, na hutema vidonge, kikivipanga mistari inayotoka tunduni kwenda nje pande zote, kama miale. Shangazi alinikokota kwenda kutazama. Nilikwenda nikilalamika juu ya jua, juu ya ndara zangu, juu ya kila kitu, na kwa kulalamika huko sikutazama ninapoweka mguu. Alikuwa amepata tundu moja la ajabu, lenye miale saba mizuri, amechuchumaa juu yake na penseli na kipande cha karatasi, nami nikaja kwa nyuma nikakanyaga mwale mmoja katikati. "Shangazi, nimeharibu!" Hakukasirika. Alilitazama lile pengo la kisigino, akaendelea kuchora. "Hujaharibu. Umepita tu. Na kupita kwako nakuchora." Hivyo ndivyo kisigino changu kilivyoingia kwenye kofia ya Ami Shee: miale saba, mmoja umekatika. Miezi yote aliyoishona, kitambaa kilikaa kwenye kikapu karibu na mlango, na Bi Rukia kila alipokuja kutusaidia mapishi alikichungulia na kutania. "Wenzako wanashona maua, wewe unashona wadudu. Kaka yangu atavaa kaa kichwani, wamng'ate." Tulicheka. Kofia ilipokwisha, ni yeye aliyeitia wanga na kuikausha juu ya bakuli, maana hakumwamini mtu mwingine.

Inafaa nieleze, kwa sababu vijana wa siku hizi hawatanielewa. Mke alipombunia mumewe mchoro, mchoro ule ulikuwa wa kichwa kimoja. Kila mtu mtaani aliujua, kama anavyojua mlango wa nyumba. Ukiuona juu ya kichwa kingine, huna haja ya kuuliza mengi. Utajua kuna mwanamke ameshona mara mbili.

Basi Idd ikafika. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, pilau iko motoni, nyumba yanuka udi. Nikasikia mlango. Ami Shee akaingia bila salamu, kichwa wazi, siku ya Idd, kofia mpya ameikunja mkononi kama kitambaa cha jasho.

"Mwanaisha! Kofia hii umeshona ngapi?"

"Moja. Kwani una vichwa vingapi?"

"Kwa sababu leo safu ya nyuma nimekiona kichwa changu cha pili. Na walionitangulia kukiona wamecheka mpaka wamekosa takbira."

Shangazi akaweka mwiko chini. Aliyesema ni Bi Rukia, kwa sauti ya kuita jirani: "Astaghfirullah! Aibu gani hii, kaka? Nani huyo? Nani kamshonea? Aulizwe!" Nilimwona ametoka jasho usoni, nikadhani ni moto wa pilau.

Mwenye kichwa cha pili akaletwa. Alikuwa Bakari, yule dereva wa Changamwe, kavuka daraja na feri kuja kuswali kwetu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, maana Changamwe misikiti haikupungua. Aliandamana na watu wa baraza, na mbele yao Mwalimu Athmani wa chuo cha Kurani, aliyekuwa na macho ya kuonea kitabu tu. Mtu akiwa mbali humjua kwa kikohozi. Sisi tukakaa nyuma ya pazia. "Kijana," akasema Mwalimu, "kofia hii umeipata wapi?" "Nimeshonewa." "Na nani?" "Mwalimu, siku ya Idd mtu haulizwi hivyo." "Leo waulizwa." Pazia letu lilikuwa jepesi. Nilimwona Bakari ametazama miguu yake. Hakutaja jina. Ami Shee akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, nami ningependelea apige kelele. "Mwalimu, na nyinyi mlioko hapa, nataka mnishuhudie. Nataka kusema neno."

Hakuna aliyekuwa hajui ni neno gani. Neno lile likishatoka, shangazi angefunga virago siku ile ile, na mimi na sanduku langu nyuma yake. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi. Ndipo akasema kwa sauti, huku nyuma ya pazia: "Kabla hajalisema, maji yametoka. Twendeni pwani."

"Pwani?" akauliza Mwalimu. "Mchoro si wangu," akasema shangazi. "Nimeuona kwa kaa. Na kaa hawakunionyesha mimi peke yangu. Mtazame wenyewe, kisha aseme neno lake."

Sijapata kuona msafara kama ule, wala sitauona. Wanaume wa Likoni katika kanzu za Idd, wamezipandisha mpaka magotini, wanashuka mchangani mmoja mmoja; nyuma yao sisi na mabuibui yetu; jua la kaskazi linapiga; na mbele kabisa mwanamke anayekaribia kuachwa, anatembea kama anayekwenda harusini. "Tulieni," akasema, "mkitikisa watajificha." Watu wazima wakatulia. Mwalimu Athmani akainama, akainama tena, mwishowe akapiga magoti kwenye maji na kanzu yake, pua karibu na mchanga. "Subhanallah," akasema. "Subhanallah! Hizi ni kofia." Akageuza uso wake uliojaa mchanga. "Pwani nzima imejaa kofia! Shee, ukitaka kutoa talaka, anza na hawa kaa, wamemshonea kila mtu." Watu wakaangua kicheko. Hata Bakari akatabasamu, akasema kwao Changamwe, kule kwenye mikoko ya Port Reitz, vikaa hivi vipo pia, na mtu mwenye macho yuaweza kuviona.

Ami Shee hakucheka. Karani wa bandari huwezi kumwonyesha pwani nzima akatosheka. "Nyumbani," akasema, "nitazihesabu." Tukarudi. Mwalimu akaziweka kofia mbili juu ya sinia, akanipa nizipeleke ndani zikung'utwe mchanga kwanza. Nikazibeba, na mlangoni mwa chumba, kwenye mwanga wa dirisha, nikaziona vizuri. Miale saba. Miale saba. Na katika zote mbili, mwale mmoja umekatika katikati.

Niliganda pale. Kaa huweza kumfundisha kila mtu mwale. Hawawezi kumfundisha mtu kisigino changu. Sikumwambia mtu. Shangazi akazitwaa, akaitazama ya Bakari, akaigeuza ndani nje, akautazama mshono muda mrefu. Kisha akautazama mlango wa jikoni, ambako Bi Rukia alikuwa akibamiza vifuniko vya sufuria. "Fatu," akaniambia, "nenda ukapakue pilau. Chelewa. Na ufunge mlango." Nikapakua, nikachelewa, wanaume wakala, na mazungumzo ya barazani yakarudia mwambao. Niliporudi chumbani nilimkuta akikata uzi kwa meno. "Wapelekee. Mwambie mume wangu azihesabu."

Akazihesabu. Aliweka kidole juu ya kila tundu, midomo ikimcheza, na baraza nzima ikamsubiri. "Yangu ina kasoro," akasema. "Mwale mmoja una pengo. Hii nyingine imejaa."

"Si kasoro," ikatoka sauti nyuma ya pazia. "Ni kisigino cha Fatu. Alikanyaga nikichora, nami nikakitia. Muulize. Aliyemshonea mwenzio hakuwepo siku hiyo, kwa hivyo yake imejaa."

"Fatu?"

"Abee, Ami."

"Ulikanyaga?"

"Nilikanyaga, Ami." Na ni kweli tupu. Sikuwahi kujua kwamba kweli tupu inaweza kutumwa kazi kama ile na ikaenda. Ami Shee akaikunjua kofia yake, akaipuliza, akaivaa. Neno lake akalimeza pamoja na chai, na Mwalimu Athmani akaomba aongezewe pilau.

Alasiri, tukiosha vyombo uani, sikuweza kuvumilia tena. "Shangazi," nikasema, "ile nyingine nayo ilikuwa na pengo." Aliendelea kusugua sufuria kwa jivu. "Umeona?" "Nimeona." Akamimina maji, akatazama yanavyochora njia zake kwenye udongo wa ua. "Basi umeona," akasema, na tukaanza kuosha sahani.

Hayo ndiyo yote tuliyozungumza juu ya jambo lile maisha yetu. Mwaka haukwisha, Bakari akahamishiwa bara na kampuni yake. Bendera ikabadilishwa, nilisikia fataki nikiwa kitandani. Bi Rukia akaja akaolewa na mzee wa Kisauni. Ami Shee akafa akiwa na kofia nyingi, hakuna hata moja iliyofanana na ya mtu. Nami nilibaki hapa na shangazi, nikimpenda, nikimpikia, nikimsomea dawa zake alipozeeka, na huku najua ninachojua. Lori likipita akatabasamu, najua. Akikaa kimya dirishani, najua. Sikuwahi kumhukumu kwa mdomo. Nilijiona mtu mkubwa sana kwa hilo, mtunza siri wa kabati la chuma. Kila kijana aliyekuja siku ya matanga ya shangazi alikuwa na kofia ile ile ya mashine, iliyoshuka bandarini kwenye kontena, vichwa arobaini mchoro mmoja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake neno. Nilikuwa nikishangaa hilo, kikombe mkononi, Bi Rukia alipotoa kwenye mkoba wake kitu kilichofungwa kwa kipande cha leso, akaniwekea mapajani.

Ilikuwa imegeuka rangi ya samli. Miale saba. Mmoja, pale katikati, ulikuwa na vitundu vitatu vya mshono mpana kidogo kuliko mwingine wote. Mshono wa shangazi.

"Alinirudishia siku aliyohamishwa," akasema Bi Rukia. "Kasema kofia hii nimtunzie, kichwani mwake haikai salama."

"Nani, bibi?"

"Bakari, nani mwengine? Nilimshonea mimi. Usiku na mchana nilishona, mlango nimeufunga, watu wakidhani namlilia marehemu. Mchoro nilikuwa nikiunakili kwenye kikapu cha wifi akienda kuoga. Nikanakili na kisigino chako. Sikujua ni kisigino, nilidhani ni urembo. Mimi kaa sikuwatazama maishani mwangu."

Nikakitua kikombe chini. Nikauliza kama shangazi alijua.

"Alijua alipoigeuza tu. Mkono wangu akaujua. Angelitoka na ile kofia akawaonyesha, mimi ningekwenda wapi? Kaka yangu angeniua kwa aibu. Jioni alinikuta jikoni. Unajua aliniambia nini? 'Wifi, siku nyingine chora wako mwenyewe.' Basi."

"Lakini mimi," nikasema, na sauti yangu ilinishtua, ilikuwa ya msichana, "mimi aliniacha miaka yote nikidhani ni yeye. Nilimuuliza. Kwa nini hakuniambia?"

Bi Rukia akaikunja ile leso pole pole. "Hata mimi nilimwambia akwambie. Akakataa. Akasema, 'Fatu hana mdomo, ana macho. Akijua ni wewe, atakutazama kila uingiapo nyumba hii, na wewe hutaweza kuvumilia. Bora anitazame mimi.'"

Wanawake wengine walikuwa wakisoma Kurani. Sauti zao zilipanda na kushuka. Mimi nilikuwa nimemkodolea Bi Rukia, mikunjo ya uso wake, mikono yake, yule msafi, mkali wa adabu. Sikujua namtazama vipi mpaka alipoinamisha kichwa na kucheka kidogo, cheko la kibogoyo.

"Unaona?" akasema. "Ndiko huko kutazama."